Tuingize kiwanda chetu Soko la Hisa, au tukope?

SWALI: Tunasindika siagi ya karanga na unga wa uji hapa Baba Dogo, Nairobi. Kampuni aliianzisha baba. Alipofariki tukaendelea nayo watoto watatu pamoja na baba mdogo. Mwaka uliopita tuliuza bidhaa za shilingi milioni 190, na baada ya kodi tukabaki na faida ya milioni 14. Tunahitaji milioni 80 za mtambo mpya wa kukaanga na kusaga, na maabara ndogo ya kupima sumukuvu. Tumesikia kwamba hata kampuni ndogo inaweza kuingia Soko la Hisa kupitia GEMS, kitengo chake cha kampuni ndogo na za kati, nasi tungependa kuuza robo ya kampuni. Je, inawezekana? Itachukua muda gani, itagharimu nini, na kampuni haitatutoka mikononi?

JIBU: Kuingia sokoni kunawezekana. Kupata milioni 80 kwa robo ya kampuni, hapana. Tuanze na hesabu, maana ndiyo itakayoamua mengine yote.

Anayenunua hisa ananunua faida, mauzo ni ya kumvutia macho tu. Tuchukulie kwamba atakubali kulipa mara saba ya faida yenu ya mwaka. Kwa kampuni ya familia isiyojulikana nje ya wateja wake, ambayo hisa zake hazitauzika upesi, hiyo si bei ya dharau. Milioni 14 mara saba ni milioni 98. Wawekezaji wakileta milioni 80, kampuni inakuwa ya milioni 178 na wao wanashika asilimia 45. Ili robo iwaletee milioni 80, kampuni ingebidi iwe na thamani ya milioni 320 baada ya fedha kuingia, yaani milioni 240 kabla. Hiyo ni mara kumi na saba ya faida. Mshauri wa kuwaandikia thamani hiyo kwenye karatasi mtampata. Mnunuzi ndiye atakayewasumbua kumpata.

Mkopo mtupu nao hauwafai. Milioni 80 kwa riba ya asilimia 16, tuseme, ni riba ya milioni 12.8 mwaka wa kwanza. Faida yenu kabla ya kodi ya asilimia 30 ni milioni 20. Mtabaki na milioni 7.2, na hapo hamjagusa deni lenyewe. Msimu mmoja karanga zikipanda bei mmekwama.

Kwa hiyo gawanyeni. Mtambo ununuliwe kwa mkopo wa mali, ambapo mashine yenyewe ndiyo dhamana, milioni 50. Riba ya hapo ni milioni 8, nayo mnaweza kuibeba. Milioni 30 zilizobaki ndizo mtafute kwa hisa: 30 juu ya 128 ni asilimia 23 na nusu hivi. Robo yenu imepatikana, ila imeleta fedha pungufu ya mlizotarajia. Tutaendelea na mfano huo.

GEMS ni kitengo cha kampuni ndogo na za kati katika Soko la Hisa la Nairobi, NSE, kilichoanza Januari 2013. Masharti ya kuanzishwa kwake yalikuwa mepesi kwa makusudi. Kampuni iwe ya umma, iwe imefanya kazi angalau mwaka mmoja, iwe na mtaji wa hisa uliolipwa wote usiopungua shilingi milioni 10, na hisa zisizopungua laki moja zinazoweza kuhamishwa bila kizuizi. Wakurugenzi wawe watano au zaidi, theluthi yao wasiwe watendaji wa kampuni. Ndani ya miezi mitatu ya kuorodheshwa, wenyehisa wasiopungua 25 wawe wanashika angalau asilimia 15, bila kuhesabu hisa za wenye udhibiti na washirika wao. Historia ya faida haikudaiwa. Kumbukeni kwamba kanuni za matoleo ya hisa za mwaka 2002, ambamo masharti haya yaliingizwa, zimefutwa na nafasi yake ikachukuliwa na kanuni mpya za 2023. Atakayewashauri awapitishe kifungu kwa kifungu katika kanuni hizo mpya. Akiwaletea karatasi ya zamani iliyokunjwa, tafuteni mwingine.

Sasa jambo ambalo wenye kampuni hulielewa wakiwa wameshachelewa. Kuna njia mbili za kuingia. Ya kwanza ni kutoa hisa kwa umma: mnatangaza, watu wananunua, fedha zinaingia kwenye kampuni. Ya pili ni kuorodhesha kwa utambulisho, ambapo hisa zilizopo tayari zinaingizwa kwenye ubao wa soko zianze kuuzwa na kununuliwa, na kampuni haipati hata senti. Nyingi za GEMS ziliingia kwa njia hii ya pili. Home Afrika, iliyokuwa ya kwanza, iliingia hivyo Julai 2013 kwa shilingi 12 kwa hisa. Baadaye bei ilishuka hadi chini ya shilingi moja. Homeboyz Entertainment nayo iliingia kwa utambulisho Desemba 2020, kwa shilingi 4.66. Mtu akiwaambia "tutawaorodhesha", swali la kwanza ni fedha zinatoka wapi na zinaingia mfuko wa nani.

Kwa kiasi cha milioni 30, gharama za toleo la umma zitawameza. Nyingi hazipungui kampuni ikiwa ndogo: mshauri mteule anayeiongoza kampuni kuingia sokoni, wakili, mhasibu wa kuandaa ripoti ya hesabu, dalali wa hisa, msajili wa hisa, uchapishaji, matangazo ya magazeti, ada za Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, za NSE na za CDSC, kampuni inayotunza kumbukumbu za hisa kielektroniki. Tuseme jumla inafika milioni 8. Kampuni inayotafuta milioni 300 imetumia chini ya asilimia 3. Ninyi mmetumia zaidi ya robo ya fedha mlizokuja kutafuta.

Njia inayowafaa ni ya katikati. Uzeni hisa mpya kwa faragha kwanza, kwa watu na taasisi thelathini au arobaini: wasambazaji wenu wakubwa, chama cha uwekezaji, mfuko mdogo wa pensheni, wataalamu wenye akiba. Kisha orodhesheni kwa utambulisho. Fedha zinaingia kabla ya kengele ya siku ya kuorodheshwa, na sharti la wenyehisa 25 wenye asilimia 15 linatimizwa kwa kitendo hichohicho. Wakili asimamie mauzo hayo asivuke mpaka wa kisheria kati ya toleo la faragha na la umma. Ujumbe mmoja wa WhatsApp uliosambazwa kwenye kikundi cha watu mia mbili, "njooni mnunue hisa", unaweza kugeuza faragha kuwa toleo la umma lisilo na idhini.

Kabla ya yote hayo, usafi wa nyumba, na hapa ndipo mtakapotumia muda mwingi kuliko pengine popote.

Hamkusema hisa za marehemu baba zimesajiliwa kwa jina la nani hadi leo. Katika kampuni za familia jibu la kawaida ni kwamba bado ziko kwa jina lake. Kama ndivyo, hakuna linaloweza kuendelea: mtu aliyefariki hapigi kura kwenye azimio, na mrithi asiye na hati ya mahakama hawezi kumpigia. Mnahitaji usimamizi wa mirathi uliothibitishwa na mahakama, kisha hisa zihamishwe na kuandikishwa. Kukiwa na mjane wa pili, au mtoto ambaye hakutajwa, afadhali ajulikane sasa kuliko siku waraka wa kuorodhesha unapotoka gazetini. Angalieni pia kiwanja cha kiwanda kiko kwa jina gani, na alama ya biashara ya siagi yenu imesajiliwa kwa jina la kampuni au la mmoja wenu. Kampuni isiyomiliki jina la bidhaa yake haina cha kumuuzia mwekezaji.

Halafu vitabu. Tusizunguke: viwanda vingi vya ukubwa wenu vina hesabu moja ya benki na nyingine ya KRA, mamlaka ya kodi. Sokoni inaingia moja tu. Mkirekebisha mauzo ya taslimu yaliyokuwa hayaandikwi, faida itapanda na deni la kodi la miaka ya nyuma litajitokeza pamoja nayo. Likabilini mapema na mshauri wa kodi, kwa hiari, kabla mhasibu wa nje hajalikuta. Madeni ya wakurugenzi kwa kampuni, yaani karo za watoto na magari yaliyolipiwa na kiwanda, yafutwe kwa kulipwa. Akiba ya karanga ihesabiwe ghalani mkaguzi akiwepo, na karanga zilizokataliwa kwa sababu ya sumukuvu ziondolewe kwenye thamani. Kwa biashara yenu hilo ni kubwa. Gunia lililozidi kiwango ni hasara, hata kama bado liko juu ya mbao ghalani.

Mkishasafisha, geuzeni kampuni kuwa ya umma. Sheria ya Kampuni ya 2015 inataka azimio maalumu, lenye kura zisizopungua asilimia 75, kisha usajili upya katika Huduma ya Usajili wa Biashara. Jina litaishia na plc. Katiba ya kampuni iandikwe upya: vile vifungu vinavyompa ndugu haki ya kwanza ya kununua hisa za nduguye, au vinavyowaruhusu wakurugenzi kukataa mnunuzi, haviwezi kuishi pamoja na hisa zinazouzwa kwenye ubao.

Mtaji nao upangwe. Chukulieni mna hisa 10,000 za shilingi 100, yaani mtaji wa milioni moja, kama kampuni nyingi za zamani. Faida mliyolimbikiza, milioni 9, igeuzwe kuwa hisa za ziada 90,000. Sasa mtaji ni milioni 10. Gawanyeni kila hisa ya shilingi 100 kuwa mia za shilingi moja, mpate hisa milioni 10. Kwa thamani ya milioni 98, kila hisa ni shilingi 9.80, na ili kupata milioni 30 mtatoa hisa mpya zipatazo milioni 3.06. Kabla ya kugeuza faida kuwa hisa, mshauri wa kodi aseme kwa maandishi kama kuna kodi yoyote inayoangukia tendo hilo.

Kugawanya huko kuna maana kuliko kunavyoonekana. Kurwitu Ventures iliingia GEMS mwaka 2014 ikiwa na hisa zilizozidi laki moja kidogo tu, kila moja kwa zaidi ya shilingi elfu moja. Siku nyingi hupita bila hisa hata moja kubadilisha mwenyewe. Hisa chache zilizo ghali hazitembei.

Bodi ya watano, theluthi wasio watendaji: wa nje wawili. Msiwajaze kwa rafiki wa baba na mchungaji. Mmoja awe mhasibu aliyesajiliwa na ICPAK, taasisi ya wahasibu wa Kenya, aongoze kamati ya ukaguzi. Wa pili awe mtu wa usalama wa chakula au wa minyororo ya maduka makubwa. Posho zao za vikao ziingizwe kwenye bajeti mapema.

Mshauri mteule, ambaye sokoni wanamwita Nomad, ni mtindo uliotoka AIM ya London, soko la kampuni ndogo lililoanza 1995. Kwa GEMS ni sharti la kudumu, haliishi siku ya kengele. Mkataba wake ukikatika msipopata mwingine, hisa zenu zinaweza kusimamishwa. Kwa hiyo mnapomchagua ulizeni mambo matatu: ada ya kila mwaka baada ya kuorodheshwa ni ngapi, nani hasa atakuwa anajibu simu, na kati ya kampuni alizowahi kuingiza ngapi bado ziko kwenye ubao. Anayetaka kulipwa kwa hisa zenu badala ya fedha, mwekeni mbali. Mtu huyohuyo hawezi kuwa mlinzi wa ukweli na mfanyabiashara wa bei.

Waraka wa taarifa huandikwa na Nomad na wakili, mhasibu wa nje anatia ripoti yake, kisha nakala zinakwenda kwa Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na kwa NSE. Mtarudishiwa maswali. Ni kawaida, wala si dalili ya kukataliwa. Kinachoua muda ni majibu yanayochukua wiki sita kwa sababu mkataba wa pango haupatikani: wakati mnautafuta, hesabu zilizokaguliwa zinazeeka, na mnatakiwa kuleta mpya. Ndiyo sababu tunashauri faili nzima ikamilike kabla ya mwaka wa fedha kufungwa, ili hesabu mpya zikitoka kwa mkaguzi tu, waraka uondoke. Wenyehisa wote, pamoja na baba mdogo, wafungue akaunti za CDS, yaani akaunti za hisa za kielektroniki, kupitia dalali au benki, na vyeti vya karatasi viingizwe CDSC. Hisa iliyo kwenye cheti kabatini haiuziki sokoni.

Kwa kampuni iliyo safi, miezi tisa hadi kumi na miwili. Kama mirathi haijakamilika, usianze kuhesabu.

Sasa kuhusu kampuni kuwatoka mikononi. Baada ya kutoa asilimia 23.4, familia inabaki na 76.6. Inaonekana salama: juu ya nusu kwa maazimio ya kawaida, juu ya 75 kwa maazimio maalumu. Lakini tuseme watoto watatu mlikuwa na asilimia 30 kila mmoja na baba mdogo 10. Baada ya toleo, kila mmoja wenu ana kama 23, baba mdogo 7.7. Ninyi watatu mkiungana mna 69. Hamwezi kupitisha azimio maalumu bila yeye. Mmoja wenu akiungana na baba mdogo na wageni, mna asilimia 46 mliobaki na hata azimio la kawaida limewashinda. Soko halijawanyang'anya kitu hapo, mmenyang'anyana wenyewe. Wekeni mkataba wa wenyehisa wa familia kabla ya kuuza hata hisa moja, useme mtapigaje kura na nani anauziwa kwanza mmoja akitaka kutoka, na utajwe kwenye waraka. Mkataba unawafunga mliotia saini, kwa hiyo haugongani na katiba iliyofunguliwa. Tena, masharti ya GEMS yalitaka wenye udhibiti waahidi kutouza hisa zao kwa miezi 24. Mwenye mpango wa kujenga nyumba Kitengela kwa hisa hizo aambiwe leo.

Baada ya kengele ndipo gharama ya kweli inapoanza. Ada ya Nomad, msajili, mkaguzi wa kiwango cha juu zaidi, bodi, mkutano mkuu, matangazo ya hesabu. Ikiwa ni milioni 4 kwa mwaka, kwenu ni moja ya tano ya faida kabla ya kodi, kila mwaka, hata mwaka wa ukame. Hesabu zilizokaguliwa zitoke ndani ya miezi minne ya kufunga mwaka, na za nusu mwaka nazo. Mkiona faida ya mwaka itashuka kwa asilimia 25 au zaidi ikilinganishwa na mwaka uliotangulia, mnalazimika kutangaza onyo la faida. Kwa kiwanda cha karanga hilo si jambo la nadra. Shehena mbili zikikataliwa kwa sumukuvu mmefika hapo. Na ile habari ya zabuni kubwa mliyoshinda, ambayo kwa desturi ingesimuliwa harusini Jumamosi, sasa ni habari ya ndani. Jamaa akiisikia akanunua hisa Jumatatu kabla haijatangazwa, ni kosa la jinai kwake, na aliyemwambia hayuko salama.

Bei nayo msiitazame kila asubuhi. NSE huruhusu hisa kupanda au kushuka kwa hadi asilimia 10 kwa siku. Ukiwa na soko jembamba, mtu mmoja mwenye haja ya karo akiuza hisa elfu mbili kwa bei yoyote anaweza kuiburuta bei ya kampuni nzima, na afisa wa mikopo benki ataiona. Dawa ni wanunuzi wa kweli tangu mwanzo na taarifa zinazotoka kwa wakati. Gawio dogo lisilokosa nalo husaidia kuliko ahadi ya gawio nono.

Je, mwaka huu muanze? Tungewaambia muingie kwanza Ibuka, programu ya NSE iliyoanzishwa 2018 kuziandaa kampuni kabla ya kuorodheshwa. Homeboyz ilipitia huko. Mnapata kukaguliwa na kuulizwa maswali magumu bila kufungwa na wajibu wa kutangaza. Wakati huohuo chukueni mkopo wa mtambo, hisa msiuze bado. Baada ya miaka miwili ya hesabu safi na mtambo ukiwa unafanya kazi, faida ikifika milioni 25, kwa mara saba ileile kampuni ni milioni 175, na asilimia 15 tu italeta karibu milioni 31. Kusubiri huko kumewaachia zaidi ya asilimia nane ya kampuni yenu. Punguzo lolote la kodi mtakaloahidiwa kwa kuorodheshwa msilitie kwenye hesabu hiyo mpaka mwonyeshwe kifungu kilichomo kwenye sheria ya mwaka huo, kwa kuwa sheria za kodi hubadilika mara kwa mara.

Jumatatu basi nendeni na nyaraka tatu kwa wakili: rejista ya wenyehisa, hati ya mirathi na hati ya kiwanja. Kwa Nomad mtakwenda akishazisoma.